Kuna Mtu Chooni

Kwenye yadi ya treni walimwita Chuma, na usidhani lilikuwa jina la sifa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye ukimsalimia asubuhi unaweza kuitikiwa au usiitikiwe, kutegemea umemkuta vipi. Kazi yake ilikuwa kusafisha mabehewa ya kulala. Treni ikishaingia na abiria wakashuka na mabegi yao na watoto wao wenye usingizi, huvutwa mpaka nyuma ya karakana, na hapo ndipo Chuma anapopanda na ndoo yake, brashi yake na hasira zake.

Hasira hizo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za mwanamke mmoja. Huyo walimbandika jina la Bibi Harusi kwa sababu alitembea polepole, alipaka wanja kuja kuosha vyoo, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Utaratibu wa yadi ulikuwa watu wawili kwa kila behewa: mmoja anaanzia mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma, wanakutana katikati. Chuma alifika katikati mapema kila siku. Anaipindua ndoo, anaikalia, anamsikiliza mwenzake kule mwisho akiimba na kufuta kioo kimoja mpaka unashangaa kama anakifuta au anakibembeleza. Damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza, na wakisemeshana ni kwa kurushiana maneno.

"Leo utafika, au nikufuate na kitanda cha wagonjwa?" Chuma aliuliza.

"Mwenye haraka katangulia," Bibi Harusi alijibu bila kugeuka. "Mimi nasafisha. Wewe unapitisha tambara."

Hayo yangeendelea hivyo mpaka wote wawili wastaafu, na dunia isingepungukiwa na kitu, kama si habari ya mdogo wake Chuma.

Mdogo wake alikuwa amefika mchana mmoja na begi moja, akasema ameondoka kwa mumewe. Chuma alikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na pazia. Alimkaribisha, akampa chai, kisha akaanza kumhoji kwa namna yake, yaani kama mtu anayegombana.

"Alikupiga?"

"Hapana, dada."

"Alikunyima chakula? Ana mwanamke nje?"

"Hapana."

"Sasa umekimbia nini?"

Mdogo wake aliinamia kikombe chake, na Chuma hakupenda kunyamaziwa. Binti huyu alilelewa na yeye. Mama yao alipofariki mtoto alikuwa bado anatambaa, na Chuma, aliyekuwa msichana tu, ndiye aliyembeba, akamwogesha, akamsuka, akamvuta mkono kwenda shule huku akimfokea njia nzima. Alimpenda kuliko nafsi yake, ila hakujua njia nyingine ya kupenda isipokuwa ile ya kufoka.

Lakini hata Chuma aliona kwamba binti hayuko sawa. Hakukaa na mgongo wake kuelekea mlangoni. Ukitoka nyuma ya pazia ghafla, anaruka. Na shemeji naye, mwanamume wa sauti laini, alikuwa akipiga simu kila baada ya siku chache: mke wangu rudi, nimekusamehe, nyumba imepoa. Mdogo mtu akikata simu anakaa ameishika, midomo imemkauka.

"Sitaki kukulemea, dada," alisema siku moja. "Mwezi ukiisha sijapata kazi, nitarudi tu. Nitafanyaje?"

Maneno hayo yalimwingia Chuma kama mwiba wa kidole. Kurudi! Kwa mtu anayemfanya binti wa watu aruke akisikia pazia! Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wa yadi, akajilazimisha kuongea kwa upole, jambo lililomshtua msimamizi kuliko ombi lenyewe.

"Nafasi hakuna," msimamizi akasema. "Mtu akitoka, nitamchukua mdogo wako. Na usinifuate na mambo ya kumhamisha fulani kwa sababu hampatani. Mtu anatoka kwenye behewa lake akitaka mwenyewe. Mimi sihamishi watu kwa ugomvi wa ndoo."

Chuma aliporudi kazini, macho yalimwendea Bibi Harusi yenyewe. Huyu hapa, mvivu, mwimbaji, amekalia nafasi ya mdogo wangu. Lakini utamtoaje mtu ambaye umeshamtukana kwa miaka na hajatoka?

Kitabu alikikuta wiki ileile, chini ya godoro la chumba cha mwisho. Kilikuwa kinene, jalada limekunjika, lina picha ya reli inayoingia gizani. Hadithi za kutisha, kilisema, zote za ndani ya treni, za waandishi mbalimbali. Vitu vilivyosahauliwa hupelekwa kwenye rafu ya msimamizi kumsubiri mwenyewe. Msimamizi alikipindua mara mbili, akacheka.

"Nani atarudi kudai hiki? Chukua, katishie panya."

Chuma si mtu wa vitabu, lakini saa ya chakula ni ndefu kwa asiyependa soga. Alikaa kwenye kitanda cha chini, ndani ya behewa lililokwisha pigwa deki, akasoma huku akitafuna, na alisoma kama anavyofanya kila kitu: kwa ugomvi. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya treni iliyoingia kwenye handaki na abiria wake, ikatoka na mmoja zaidi, na kila abiria anamtazama mwenzake. "Si mwulizane tiketi!" Chuma akamwambia kitabu. Ya pili ilikuwa ya mwanamke aliyeona kwenye kioo cha dirisha mtu ameketi kando yake, na akigeuka kiti kitupu. "Na bado amekaa palepale. Mjinga huyu, hana miguu?" Ya tatu, kijana alishuka kituo ambacho asubuhi yake watu walimwambia hakijawahi kuwepo. Hiyo aliifyonza mpaka mwisho, kisha akamtukana mwandishi kwa kumwacha kijana wa watu kule.

Alimsimulia mdogo wake mojawapo Jumapili mchana, akidhani atamchekesha. Binti alisikiliza kidogo, akainua mkono.

"Dada, zima."

"Kitabu kinazimwa?"

"Basi funika."

Chuma alifunika, akanung'unika kwamba kuna watu hawajui burudani. Kitabu kikarudi kazini ndani ya mfuko wa aproni.

Hadithi iliyomshika hasa ilikuwa katikati ya kitabu. Kwenye behewa fulani kulikuwa na choo. Ukibisha, sauti ya mtu inajibu kutoka ndani, taratibu, kwa adabu: Kuna mtu. Unasubiri. Unabisha tena. Kuna mtu. Mlango ukivunjwa, hamna mtu. Na aliyevunja, siku hiyohiyo, akibisha mlango wa nyumbani kwake, anajibiwa na sauti ileile. Basi, hadithi yenyewe ni hiyo tu. Chuma alimaliza, akafyonya, akasema upuuzi mtupu. Baadaye haja ilimbana, na badala ya kutumia choo kilichokuwa pua na mdomo na pale alipoketi, alishuka akatembea mpaka vyoo vya karakana kwenye jua kali. Njiani alijikasirikia sana. Na wakati wa kurudi wazo lilimjia: kama mimi, Chuma, nimetembea jua lote hili, je, yule wa wanja?

Akaanza kazi. Hakumwendea Bibi Harusi moja kwa moja, maana angeshtukiwa. Alikaa na wanawake wa chumba cha mashuka, Bibi Harusi akiwa anasikia, akaanza kusimulia habari za handaki, lakini sasa zilikuwa zimetokea kwenye treni yao, na behewa lilikuwa lao. Siku iliyofuata akaleta ile ya kioo. Alisema alisimuliwa na wa zamani waliokwisha staafu, wasioweza kuulizwa. Wanawake wa mashuka walishika vifua, wakataka zaidi. Bibi Harusi aliinua nyusi.

"Mambo ya kitoto," akasema.

Ila aliacha kufuta vioo kwa muda mrefu. Halafu likatokea jambo ambalo Chuma hakulitarajia: hofu ilimtia mwenzake mbio. Yule asiyekimbia sasa alisugua kama anafukuzwa, akawa anafika katikati kabla ya Chuma, akimsubiri pale kwa sababu tu pana mtu mwingine. Hata wimbo ulikoma. Siku moja alimnyooshea Chuma nusu ya andazi lake bila neno. Mwingine angeridhika, angesema nimepata mfanyakazi, yaishe. Chuma alikataa andazi. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha, na shemeji alikuwa amesema atakuja mwenyewe kumchukua mkewe.

Hapo ndipo alipoitoa hadithi ya choo. Aliisimulia vizuri kuliko ilivyoandikwa, akipunguza sauti, akiacha kimya palipotakiwa kimya. Choo chenyewe, akasema, ni kile cha mlango wa nyuma. Kile cha upande wa Bibi Harusi.

Wasafishaji wana mazoea ambayo mtu wa nje angeyacheka: hubisha mlango wa choo hata treni ikiwa tupu, imefungwa, imelala yadini. Mkono umeshazoea. Chuma aliyajua mazoea hayo kama mkono wake mwenyewe. Asubuhi ya Jumamosi walipanda kila mmoja upande wake. Chuma aliacha ndoo yake na bomba la maji likichuruzika ili isikike kwamba yuko kazini, akashuka kimya upande wa pili, akatembea kwenye kokoto akiwa ameinama chini ya madirisha, akapanda mlango wa nyuma, akajifungia chooni. Alisikia nyayo za mwenzake zikitoka chumba cha kwanza, zikaingia cha pili, zikarudi. Kicheko kilikuwa kinamjaa. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ngo, ngo.

"Kuna mtu," Chuma akasema, taratibu, kwa adabu.

Kisha, na hili ndilo lililomchekesha zaidi Chuma, mwenzake alibisha tena, kidogo sana, kama mtu anayeomba iwe si kweli.

"Kuna mtu."

Kilio kilichofuata kilisikika mpaka karakana. Ndoo ilianguka, maji yakamwagika koridoni, na Bibi Harusi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alishuka ngazi za behewa kwa magoti na mikono. Walimkuta ameketi kwenye kokoto, wanja umemtiririka mpaka kidevuni, kiatu kimoja hana, anarudia neno moja kwamba hapandi, hapandi, hapandi. Chuma alikuwa ameshazunguka na kutokea mbele na brashi mkononi. "Kuna nini jamani?" akauliza. Mafundi walikagua choo. Hamkuwa na mtu.

Kabla ya mchana Bibi Harusi alikuwa ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake, apelekwe chumba cha mashuka, kwenye mvuke na mapipa ya maji ya moto, ambako hakuna anayeomba kwenda. Msimamizi hakuamini habari za mizimu, lakini alikuwa na behewa linalohitaji mikono.

"Haya," akamwambia Chuma. "Mlete mdogo wako Jumatatu."

Chuma alitoka yadini kama kapewa nyumba. Ni nadra umkute anatabasamu peke yake barabarani, lakini siku hiyo alitabasamu, akamsalimia hata fundi viatu wa kona ambaye walikuwa na kesi ya visigino. Alimkuta mdogo wake ameketi kizingitini kwenye mwanga, anamenya vitunguu.

"Jumatatu unaanza kazi!"

Binti alisimama, vitunguu vikabingirika, akamkumbatia dada yake kwa nguvu ambazo Chuma hakujua bado anazo. Walicheka. Waliingia ndani. Mdogo mtu akawa anauliza mambo ya furaha: atavaa sare? Atakuwa na dada behewa moja? Je, akishapata kazi, yule bwana atathubutu kuja? Athubutu, Chuma akasema, atanikuta mimi mlangoni na brashi ya choo. Basi ikawa raha tupu, mpaka binti akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Nani ametoka?"

Na Chuma, aliyekuwa amekibeba kicheko chake tangu asubuhi hana wa kumpa, akamsimulia. Hakuacha kitu. Alionyesha alivyoinama chini ya madirisha. Alienda nyuma ya pazia, akalivuta, akaitoa ile sauti: Kuna mtu. Alionyesha mtu anavyoshuka ngazi za treni kwa magoti. Alipotokea tena akipangusa machozi ya kucheka, mdogo wake alikuwa amehama kutoka kitandani, amesimama, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Alilia?"

"Alilia! Mpaka karakana walisikia."

"Na wewe mle ndani ulikuwa unacheka?"

"Nilijiziba mdomo, mama, nusura nipasuke."

"Na yeye alikuwa anajiziba," mdogo wake akasema.

"Nani?"

"Shemeji yako. Nilikuwa namsikia." Aliongea polepole, macho kwenye pazia. "Nikitoka sokoni namwita, haitiki, na viatu vyake viko mlangoni. Namtafuta nyumba nzima. Anakuwa kabatini, au nyuma ya mlango wa jikoni, au chooni. Anakaa hata saa nzima, dada. Nikiacha kumtafuta, nikianza kupika, ananisemesha kutoka hukohuko alikojificha. Neno moja tu. Halafu kimya. Mwanzo nilicheka na mimi. Kisha nikawa naogopa kuingia nyumbani kwangu. Nikilia anasema natania, huna utani? Uliniuliza alinipiga, nikasema hapana. Hakunipiga. Ningekueleza nini?"

Chuma alisimama na ncha ya pazia mkononi. Angeweza kusema mambo mengi, na moja au mawili kati ya hayo yangesaidia, lakini mdomo wake ulikuwa na njia moja tu, na ndiyo iliyotangulia.

"Unanifananisha mimi na yule? Mimi? Nimefanya kwa ajili yako!"

"Na yeye alifanya kwa sababu ananipenda. Alisema hivyo kila mara."

"Yule mwanamke ni mvivu! Anatutesa pale!"

"Ana jina?"

Chuma hakulijua jina lake. Miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza.

Mdogo wake alianza kukunja nguo zake. Hakuwa na nyingi. Chuma alimtazama, hasira na woga vikimpanda pamoja, akauliza kama anarudi kwa mume wake.

"Sirudi kwake. Nakwenda kwa shangazi. Nitatafuta kazi hukohuko."

"Na Jumatatu? Nimeshamwambia msimamizi! Nimejidhalilisha kwa ajili yako, nimenyenyekea, nimefanya uchawi mzima, na wewe unaniambia shangazi?"

"Siwezi kulala hapa, dada. Usiku nitakuwa nasikiliza kama unapumua nyuma ya pazia."

Begi likafungwa. Chuma aliuwahi mlango kwa hatua kubwa, akasimama mbele yake, mkono mmoja kwenye kila upande wa fremu, kama alivyokuwa akifanya zamani binti akikataa kwenda shule. Enzi zile binti alikuwa akimpiga ngumi za tumbo, akimwita jitu, wanaishia kucheka. Sasa Chuma alisubiri ngumi. Alizitaka. Alikuwa tayari kugombana mpaka jioni, maana akigombana na mtu ujue bado yuko naye.

Lakini mdogo wake hakumpiga. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akalikumbatia begi, akawa anapumua kwa mdomo wazi, kimyakimya, kama mtu anayejaribu asisikike. Alikuwa anamtazama dada yake usoni kuona atafanya nini. Ndipo Chuma alipotambua kwamba mtoto aliyemlea anamwogopa, na si mchezo, anamwogopa kweli. Mikono ikamshuka yenyewe.

Akasogea pembeni. Alitaka kusema nisamehe, akasema, "Shangazi mpigie kwanza, asije akawa hayupo."

"Nitampigia."

Mdogo wake alipita ubavuubavu, bila kumpa mgongo, akatoka kinyumenyume mpaka kizingitini, na alipofika barabarani penye watu ndipo alipogeuka akaanza kutembea.